Sala Iliyobaki kwa Edisa

Asubuhi ile kidonda cha Jonan kiliacha kunuka. Feresita alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda cha mwanawe, bakuli la maji ya chumvi mkononi, na alipofunua kitambaa kwenye paji lake la uso hakukutana na ule uvundo aliokwisha kuuzoea. Alikutana na harufu tamu. Aliinama akanusa tena, kama mtu anayenusa maziwa kujua kama yameharibika, na harufu ilikuwa ile ile. Maua.

"Mama, usinipumulie," Jonan alisema bila kufungua macho. Homa ilikuwa imemkausha midomo.

Feresita alirudisha kitambaa. Alitoka nje bila viatu, akarudi kuvaa, akamwambia binti yake Phionah, aliyekuwa akipanga nyanya za soko kwenye beseni, "Mwangalie kaka yako. Naenda kwa Wivine."

"Kwa Wivine kufanya nini? Hapa kuna mgonjwa."

"Kuna kitu changu kiko kwake."

Phionah alimtazama mama yake akiteremka njia karibu na kukimbia. Mama yake si mtu wa kukimbia.

*

Wivine alikuwa Mkongomani wa Butembo. Aliuza vitenge kwenye kibanda cha mbao kando ya barabara ya kwenda Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, na Jumapili aliongoza sala za akina mama wa shirika, ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa mtaa wao. Wengi waliokuwa wakivuka mpaka na mizigo walipita kwake kusalimia, na alikuwa hajamnyima mtu kiti.

"Mama Jonan! Uko nakimbia sawa mutu banamufukuza. Kuya, ikala."

"Sikai, Mama Wivine. Nimekuja kuchukua ile sala."

"Sala gani?"

"Yangu. Ya Rita. Nairudisha."

Wivine alicheka kwanza. Alikuwa akikunja kitenge, akakiweka chini. "Sala haiko kitenge, mama. Ati umekata, umefika ku nyumba, rangi haikupendeze, unarudisha."

"Kidonda kinanukia maua."

Wivine aliacha kucheka. Alikaa yeye kwenye kile kiti alichomkaribishia mwenzake.

Alielewa, kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyewasimulia. Ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Rita, mwezi ule wa Mei ambao mto Nyamwamba ulivunja kingo kule Kasese ukabeba nyumba na madaraja. Mwezi huo huo mtu mmoja aitwaye Syahuka alitoka gerezani. Alikuwa ameshtakiwa kwa kumuua Ezironi, mume wa Feresita, kwa ajili ya mpaka wa shamba la kahawa. Mashahidi waliogopa, kesi ikafa, Syahuka akarudi kwa mama yake. Jonan alisikia habari hiyo sokoni na akarudi nyumbani na panga jipya. Hakutukana, hakulia. Alikula chakula chake akanawa mikono, na hapo ndipo Feresita alipoogopa.

Ndipo siku ya sikukuu Wivine alipowaeleza. "Rita alikuwa mama sawa siye," alisema, amesimama mbele yao na kikapu cha majani ya waridi yaliyobarikiwa Butembo. "Bwana yake balimuua mu njia. Batoto yake babili, banaume, bakasema: damu ya papa tutailipa. Rita akabasihi, akalia, habakusikia. Njo akapiga magoti akasema: Mungu, kuliko bana yangu baue mutu, ubachukue kwanza. Na Mungu akabachukua. Bote babili. Ugonjwa tu."

 Wivine akaendelea, jinsi Rita alivyoingia utawani, jinsi mwiba ulivyochomoka kwenye taji la Yesu msalabani ukamchoma paji la uso, kidonda kikaoza, kikanuka hata masista wenzake wakamkimbia, akakaa peke yake chumbani miaka na miaka. "Lakini siku alikufa," alisema Wivine, "kile kidonda kikaanza kunukia. Nyumba muzima ikanukia roza."

Feresita alisikia yote, lakini aliondoka na neno moja tu. Ubachukue kwanza. Siku ile ile alitoa nia yake.

Kwao shirikani kutoa nia kulikuwa na taratibu zake. Mwenye nia hupiga magoti amegeuzia ukuta uso. Kiongozi hutaja jina na sala inayoombwa, kisha akina mama hupita kwenye kikapu, kila anayekubali kuibeba sala ile huchukua jani moja la waridi, huenda nalo kwake na kuomba nalo mpaka Mungu ajibu. Mwenye nia hatazami mikono. Asije akajiona ana deni kwa huyu na kinyongo kwa yule. Kwa hiyo Feresita alisikia miguu tu ikipita nyuma yake, na kila mguu uliosimama kwenye kikapu aliushukuru moyoni.

Siku chache baadaye Jonan alikuwa akigonga msumari kwenye mpini wa panga lake. Kipande cha chuma kikaruka kikamchoma paji la uso, katikati.

"Nani walichukua?" Feresita aliuliza sasa. "Wewe uliona."

"Hairuhusiwe kusema."

"Mama Wivine."

Wivine alifungua mkoba wake, akatoa kitabu cha sala, na katikati ya kurasa akatoa jani lake mwenyewe, jekundu lililokuwa linageuka jeusi. Alilitia kwenye kiganja cha Feresita. Kisha akataja wengine. Yvette muuza samaki. Bibi Nabirye, yule Msoga mwenye magoti mabovu. Akafunga mkoba.

"Ni hao tu?"

"Kuna mumoja tena. Miye sikumujua muzuri, alikuya nyuma, wewe ulishageuka ku ukuta. Anakaaka kule juu, njia ya Kyondo. Anafungaka kichwa na kitambaa ya kijani." Wivine alimtazama usoni. "Edisa."

Feresita alifumba kiganja juu ya lile jani.

"Nini? Edisa iko na nini?"

"Ni mama yake Syahuka."

"Yesu wangu," Wivine alisema. "Mama, miye niko mugeni hapa. Singejua."

*

Aliporudi nyumbani alikuta viatu mlangoni, viatu vya wanawake. Ndani, akina mama watatu walikuwa wamepiga magoti kuzunguka kitanda na rozari mikononi. Mmoja alikuwa amefunua kitambaa na alikuwa akigusisha medali yake kwenye usaha. Jonan alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama ng'ombe anayefukuza nzi.

"Ni palepale," mwanamke mmoja alinong'ona. "Palepale pa mwiba. Feresita, Rita amekusikia."

"Amesikia nini?" Phionah alikuwa amesimama mlangoni, beseni la nyanya bado liko kichwani, maana alikuwa amekwenda nusu ya njia ya soko na moyo ukamrudisha. "Amesikia nini, mama?"

 Yule mwenye medali, aliyedhani kwamba mtoto wa nyumba angekuwa anajua, alisema kwa upole, "Mama yako aliomba Mungu amchukue kabla hajamwaga damu. Ni sala kubwa. Si kila mama anaiweza."

Phionah alishusha beseni. Alilishusha taratibu, nyanya hata moja haikuanguka.

"Tokeni," alisema.

"Mwanangu..."

"Nimesema tokeni! Hiki ni chuma, si mwiba. Kimeingia kichwani mwa mtu kimeoza. Mmekuja kunusa? Mmenusa. Tokeni."

Walitoka wakitafuta viatu vyao. Mmoja alivaa cha mwenzake. Phionah alimgeukia mama yake.

"Ndiyo maana hutaki aende hospitali."

"Siyo hivyo."

"Jana nilikwambia, juzi nilikwambia. Unasema tungoje. Tunangoja nini? Tunangoja ujibiwe?"

"Nilikuwa naogopa," Feresita alisema. "Nimpeleke na ile sala bado iko juu yake? Atafia njiani. Wacha kwanza niikusanye, Phionah, halafu tumpeleke. Wamebaki wachache."

Phionah alimtazama kama mtu asiyemfahamu. Kisha akaenda barabarani na kurudi na kijana wa boda. Wakamkalisha Jonan katikati, Phionah nyuma akimkumbatia asianguke, kichwa cha kaka yake kikilala begani mwake. Boda ilipoondoka Phionah hakugeuka. Beseni la nyanya lilibaki mlangoni, na kuku wa jirani wakaja.

*

Yvette muuza samaki alimfanya asubiri. Kulikuwa na wateja, na alimaliza na kila mmoja, akamfungia kila mmoja samaki wake wa chumvi kwenye gazeti, akauliza habari za nyumbani. Feresita alisimama juani kama mtu aliyekuja kukopa.

"Sasa," Yvette alisema hatimaye, akifuta mikono. "Unataka nini, ma chérie?"

Feresita alieleza. Yvette alisikiliza na kichwa upande.

"Miye nimefunga chakula juu yako. Nimeamuka asubui, nimeomba. Sasa unakuya kusema haikuwa ya kweli?"

"Ilikuwa ya kweli."

"Kwa nini uliomba kama haukutaka?"

"Nilitaka. Hiyo ndiyo shida."

Yvette alimtazama, akaingia ndani, akarudi na jani kwenye karatasi. Alilitoa kwa mkono wa kushoto. Feresita aliliona hilo, akalipokea kwa mikono miwili.

Kwa Bibi Nabirye mambo yalikuwa mengine. Bibi alikuwa ameketi kwenye mkeka akimenya matoke, akafurahi kupata mgeni, na alipoambiwa shida akafunika mdomo kwa kiganja.

"Banange! Lile jani nimelinywa."

"Umelinywa?"

"Kwenye chai. Kwa ajili ya magoti. Nikasema, kama ni la baraka, si litafanya kazi mbili?" Alimshika Feresita mkono, amefadhaika kweli. "Lakini sikiliza, mwanangu. Mimi hata sikuomba hiyo ya kufa. Nilikuwa nasahau maneno. Nilisema tu, Rita, mwangalie mtoto wa Feresita. Basi. Hiyo nayo unataka nikurudishie?"

Feresita alilia kwa mara ya kwanza siku ile, hapo mkekani, kati ya maganda ya matoke. "Hapana, bibi. Hiyo baki nayo."

*

Njia ya kwa Edisa ilipanda kati ya migomba na kahawa. Zamani, kabla ya ugomvi wa ule mpaka wa shamba, Feresita aliijua vizuri, alipita huko kuazima chekecheo na kurudisha. Edisa alikuwa uani, amefunga kitambaa chake cha kijani, akigeuza kahawa juu ya turubai kwa kiganja. Ndani ya nyumba mwanaume alikuwa akikohoa.

"Nilijua utakuja," Edisa alisema. Hakusimama.

"Uliona ni mimi nimepiga magoti pale."

"Niliona. Umegeuzia ukuta uso. Ningeweza kupita. Nikatia mkono kwenye kikapu."

"Ulijua ni sala gani."

"Nilijua kuliko wewe. Wenzako waliomba kukusaidia, Feresita. Mimi niliomba kwa njaa."

Kikohozi kilikoma ndani. Wote wawili walijua kwamba anasikiliza.

"Mtoto wangu anakufa."

"Na wangu?"

"Wako alimuua mume wangu."

Edisa hakukataa. Aliokota jiwe dogo katikati ya kahawa akalitupa mbali. "Nimemuuliza. Tangu arudi namuuliza. Ananiambia, mama, nipe chakula. Nampa. Anakula. Nitafanya nini? Nilimzaa, na amerudi mifupa mitupu." Akainua uso. "Usiku nasikia mbwa anabweka, nasema ni Jonan. Jani la mgomba likianguka ni Jonan. Wewe hujalala kwa siku chache. Mimi sijalala tangu alipotoka."

"Nipe hilo jani, Edisa. Nitamzuia mimi mwenyewe. Nakuapia."

"Ulishindwa kumzuia. Ndiyo maana ulikwenda kwa Rita."

Feresita alipiga magoti. Alipiga magoti kwenye ua wa watu wale, mbele ya turubai, na kahawa zikamchoma magotini. Hata kwenye mazishi ya mume wake hakujidhalilisha hivyo. Edisa alitazama pembeni.

"Simama. Usinifanye hivyo. Simama." Sauti yake ilikuwa ya kusihi, siyo ya kiburi. "Sirudishi. Hata ulale hapa. Ungekuwa wewe ndiye mimi, ungerudisha?"

Feresita alitafuta jibu la uongo, na hakulipata. Alisimama, akapangusa magoti, akateremka.

*

Hospitali walikuwa wamekwisha kukitoa kile chuma. Muuguzi alimwonyesha Feresita kikiwa kwenye pamba, kidogo kama punje ya mtama.

"Mngengoja tena kidogo, mngekuja na maiti," muuguzi alisema, bila ukali, kama mtu aliyekwisha kusema hivyo kwa wengi.

"Kilikuwa kinanukia, sista. Maua."

"Ndiyo. Kuna usaha wa namna hiyo, harufu yake tamu. Tunaujua. Ni mbaya zaidi kuliko ule unaonuka." Akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Jonan alikuwa macho. Kichwa kilikuwa kimefungwa bendeji nyeupe. Phionah alikuwa ameketi miguuni pake, na mama yake alipokaribia alisimama, akasema anakwenda kutafuta uji, akapita bila kumgusa.

"Phionah ameniambia," Jonan alisema.

Feresita aliketi.

"Ulitaja jina langu?"

"Lilitajwa. Mimi ndiye niliyelitoa."

"Lote?"

"Jonan Thembo, mtoto wa Ezironi."

Jonan alicheka kidogo, bendeji ikamvuta, akakunja uso. "Ili Mungu asikosee mtu."

"Jonan."

"Ulitaka nife."

"Nilitaka usiue."

"Siyo hilo nililokuuliza, mama."

Wodini kulikuwa na mtoto aliyekuwa akilia na mwanamke aliyekuwa akimwimbia. Feresita alingoja mpaka wimbo uishe. "Nilitaka ufe kuliko uue," alisema. "Ulipoanza kufa, sikutaka tena. Nimezunguka leo kuirudisha. Nimepiga magoti mahali ambapo sikudhani. Majani waliyoombea yamekwisha, isipokuwa moja."

"Liko kwa nani?"

Hakutaka kusema. Lakini alikuwa amechoka kuficha. "Kwa Edisa. Amekataa."

Jonan aligeukia ukuta.  Kisha akasema, bado ameutazama ukuta, "Kwa hiyo bado liko juu yangu."

*

Siku waliyomtoa bendeji, Jonan alirudi nyumbani, akala, akanawa mikono. Katikati ya paji lake kulikuwa na kovu jekundu la duara. Akaenda nyuma ya nyumba, akalichukua panga kutoka chini ya paa ambako Phionah alilificha vibaya, akashika njia ya juu.

Feresita alimfuata. Hakupiga kelele. Alijua kwamba akipiga kelele watu watakuja, na watu wakija, kijana hawezi tena kurudi nyuma bila aibu.

"Rudi," Jonan alisema bila kugeuka.

"Sirudi."

"Basi tembea mbele. Usinifuate mgongoni kama mchawi."

"Sitembei mbele."

Wakapanda hivyo, yeye na panga, mama yake nyuma akihema. Watu waliokuwa mashambani waliinua vichwa. Mmoja alisalimia, Jonan akaitikia kwa adabu.

Edisa alikuwa uani. Safari hii Syahuka naye alikuwa nje, ameketi kwenye kigogo mlangoni akichambua maharage kwenye ungo. Alipoona panga alisimama. Halafu akaketi tena, kama mtu aliyechoka na kusimama.

Edisa hakukimbia wala hakupiga yowe. Aliingia ndani akatoka na kikopo kidogo cha mafuta ya kujipaka, akakifungua. Ndani kulikuwa na jani la waridi, jeusi, limejikunja.

"Mama yako alilifuata nikamnyima," alimwambia Jonan. "Wewe sikunyimi. Ni lako. Chukua." Alikinyoosha kikopo kwa mikono miwili. "Ukilichukua, hakuna mtu tena duniani anayekuombea kufa. Mimi nitakaa hapa na huyu wangu. Na wewe utakuwa na panga lako."

Jonan alitazama kikopo. Alimtazama Syahuka.

"Ulimuua baba yangu?"

Syahuka alitazama maharage.

"Mjibu," Edisa alisema.

"Alikuwa na panga," Syahuka alisema kwa sauti ya chini. "Na mimi nilikuwa nalo. Yeye alianza kutukana, au mimi. Sikumbuki tena ni nani." Akameza mate. "Ni mimi."

Edisa alifumba macho. Alikuwa ameuliza siku zote zile, na jibu lilikuwa limekuja kwa mwingine.

Panga lilisogea mkononi mwa Jonan. Feresita aliuona mkono ule, aliujua kila mshipa wake, aliuogesha ulipokuwa mdogo kama chipukizi. Maneno ya Rita yakamjia mdomoni yenyewe, yote, kwa mpangilio wake, na akauma ulimi ili yasitoke.

Jonan aliinua mkono mwingine. Kidole gumba kiligusa kovu, kikalizunguka pole pole. Kisha akanyoosha mkono ule, akachukua kifuniko, akakifunga kile kikopo mikononi mwa Edisa. Alikikaza vizuri.

"Kaa nalo," alisema.

"Unasema?"

"Kaa nalo. Usilitupe, na usimpe mtu mwingine."

"Jonan!" Feresita alisogea mbele. "Lichukue, mwanangu. Amekubali. Ni lako, lichukue, tafadhali!"

"Mama," Jonan alisema, na sasa ndipo alipogeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Nikilichukua nitamuua."

 Syahuka alikuwa ameshika ungo kwa mikono yote miwili, na maharage yalikuwa yakigongana ndani yake kama mvua inayoanza.

Walipokuwa wakiteremka Jonan alitangulia. Mahali ambapo nyasi ndefu zilikuwa zimeangukia njia alizifyeka kwa lile panga, huku na huku, akasubiri mama yake apite.

*

Panga lile sasa limeisha makali. Limefyeka migomba, limechimba mihogo, Phionah amelitumia kukata kuni. Kovu la Jonan limefifia, limekuwa la rangi ya ngozi, na mtu asiyejua hawezi kuliona.

Lakini sikukuu ya Rita inapofika, Edisa huteremka na kitambaa chake cha kijani, hukaa benchi moja na Feresita, na kile kikopo huwa mapajani pake. Hawasalimiani kwa maneno mengi. Wivine anapoanza kusimulia habari za wale watoto wawili wa Rita, Feresita huinamisha kichwa na kuuliza pole pole, "Lipo?" Edisa hufungua kifuniko kidogo tu, kama mtu anayemwonyesha mwenzake kifaranga. Lipo. Na Feresita hajui, hata leo, kama anaposema asante anamshukuru mlinzi wa mwanawe au anambembeleza mtu aliyeshika kifo chake.

Na kuna siku Jonan anarudi kutoka shambani mchana, amechoka, anajitupa kitandani na kusinzia. Mama yake huacha alichokuwa akifanya. Huingia akinyata, huinama juu ya paji la uso wake, hunusa. Jasho. Moshi. Udongo. Hunusa tena ili awe na uhakika.

"Mama," Jonan husema bila kufungua macho. "Usinipumulie."